Kabla hujabishania bei ya chumba Dodoma, bishania miezi

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza kama najua chumba cha bei ya chini Dodoma. Wengi ni watu wa kipato kama changu: wauza mboga wa Sabasaba, mafundi, walinzi, kina dada wanaofanya usafi maofisini, vijana wanaoendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu. Karibu wote wanaanza na swali lilelile: shilingi ngapi kwa mwezi? Nimekuwa mpangaji katika mji huu tangu kabla ya 2016, mwaka ambao Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia kweli. Nimekaa Chang'ombe, nikahamia Nkuhungu, sasa niko Nzuguni na wanangu. Katika miaka yote hiyo nimeona kwamba kinachomkosesha nyumba mtu wa hali ya chini mara nyingi si kodi ya mwezi. Ni idadi ya miezi anayotakiwa kulipa kwa mpigo.

Chukua chumba cha elfu arobaini. Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni laki mbili na arobaini. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, elfu arobaini nyingine. Hapo bado hujakodi guta la kuhamisha vyombo, hujanunua kufuli wala balbu. Laki tatu hiyo, na hujalala hata usiku mmoja. Mtu anayepata elfu nane kwa siku anaweza kujibana akalipa elfu arobaini kila mwezi, lakini laki tatu ya mara moja ataitoa wapi? Hapo ndipo watu wanapokimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na chumba cha elfu arobaini kinageuka cha elfu sabini bila mwenye nyumba kuongeza hata senti.

Kwa hiyo ukikaa na mwenye nyumba, usianze kumwomba apunguze bei. Mwombe apunguze miezi. Ukimshusha kutoka arobaini hadi thelathini na tano, anapoteza elfu tano kila mwezi na atanuna. Ukilipa miwili badala ya sita, hapotezi chochote mradi tu ulipe kwa wakati. Anachoogopa ni wewe kuja kumkwepa baadaye. Basi mwondolee hofu hiyo kabla hajaitaja: nenda na namba ya mwenye nyumba wako wa zamani, kitabu chako cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) kama unacho, au ndugu mmoja anayefahamika mtaani ambaye yuko tayari kusimama kama mdhamini.

Nkuhungu nilipangishiwa na bibi mmoja wa Kigogo, mjane, aliyekuwa anaishi uani kwenye nyumba hiyohiyo. Nilimsalimia "mbukwenyi", akanivutia kigoda, akaanza kunihoji: nyumbani wapi, nasali wapi, nauza nini. Mwisho akasema anataka miezi sita kama wengine. Nikamwambia, "Bibi, miezi sita sina, na nikikopa, awamu ya pili nitashindwa kukulipa. Nipokee na miwili, kisha kila tarehe tano nakuletea ya mwezi unaofuata mwenyewe, bila kunifuata." Akafikiri. "Na ukikwama?" Nikasema nikikwama nitamwambia kabla ya tarehe, si baada. Akasema, "Haya, mjukuu wangu. Lakini watoto wasichezee bomba langu." Kumbe bomba ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi zaidi ya kodi.

Wenye nyumba wa namna hiyo ndio wa kuwatafuta. Mtu anayekaa uani, mstaafu au mjane, anahitaji hela ya kula kila mwezi, na mpangaji wa kila mwezi anamfaa. Aliyejenga kwa ajili ya biashara na anaishi mkoa mwingine atataka mwaka mzima, kwa sababu hataki kusumbuka kukufuatilia. Tatizo ni kwamba hao wa uani mara nyingi hawako kwa madalali. Wanaandika kwa chaki mlangoni, au hawaandiki kabisa. Utawapata kwa kutembea kwa miguu Jumapili jioni watu wakiwa nyumbani, na kwa kumuuliza mama wa genge, muuza mkaa, mjumbe. Mama wa genge anajua nani anahama kabla hata mwenye nyumba hajaambiwa.

Dalali si adui, wapo waaminifu walionisaidia. Ila usitoe hela ya kuonyeshwa kila chumba, kubalianeni kiasi kimoja kabla hamjaanza kuzunguka. Na kodi usimpe dalali. Mpe mwenye nyumba mkononi, mbele ya majirani, au mtumie kwa simu na usome vizuri jina linalotokea kabla hujabonyeza kuthibitisha. Likitofautiana na jina la mwenye nyumba, simamisha. Chumba kimoja kulipiwa na watu watatu hutokea, na wanaoumia ni wale wageni wasiomjua mtu.

Sasa bei yenyewe. Mji umekua kwa kasi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Ofisi za wizara ziko Mtumba, stendi kuu na soko la Job Ndugai viko Nzuguni, kwa hiyo upande wa mashariki vyumba vimepanda, na watu wa kipato kidogo wanasukumwa pembezoni. Kwenda pembezoni si vibaya, ila fanya hesabu ya nauli kwanza. Tuseme kule chumba ni elfu ishirini na tano, lakini unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja shilingi mia sita. Kwa siku ni elfu mbili na mia nne. Kwa siku ishirini na sita za kazi inazidi elfu sitini. Chumba cha elfu arobaini unachotoka kwa miguu ni nafuu kuliko hicho, na unarudi watoto hawajalala.

Kuna kipindi cha kutafuta na kipindi cha kutulia. Mwaka wa masomo wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ukianza, kwenye Oktoba na Novemba, vyumba vya Ng'ong'ona na Makulu vinagombaniwa na bei inapanda. Aprili hadi Juni kuna Bunge la bajeti, mji unajaa wageni. Kama unaweza kusubiri, tafuta Julai mpaka Septemba, wanafunzi wakiwa wameondoka na wenye nyumba wana vyumba vitupu. Hapo hata hoja ya miezi inasikika.

Ubaya ni kwamba hicho ni kiangazi, na chumba cha kiangazi kinaficha mengi. Mvua zetu zinakuja Desemba hadi Aprili, chache lakini za ghafla, na makorongo makavu yanajaa kwa saa moja. Angalia ukuta kwa nje karibu na msingi kama kuna mstari wa maji ya mwaka uliopita. Muulize jirani, usimuulize mwenye nyumba.

Maji ndiyo jambo ambalo ningekaa nalo muda mrefu zaidi. Bomba kuwepo uani si sawa na maji kuwepo. Dodoma kuna mgao, na mtaa hadi mtaa siku zinatofautiana. Uliza yanatoka siku zipi, saa ngapi, na kama kuna simtanki la wapangaji au la mwenye nyumba peke yake. Kama ni kisima, yaonje. Visima vingi vya huku vina chumvi, na ukipaka sabuni mkononi ikakataa kutoa povu, jua utatumia sabuni nyingi na ya kunywa utanunua kwa dumu. Familia ya watu watano inayonunua maji kwa dumu inaongeza kodi yake kimyakimya kila siku.

Umeme nao una mtego ambao wengi hawaujui. TANESCO, shirika la umeme, ina bei ya mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi: kwa elfu moja anapata uniti kama nane. Bei ya kawaida, elfu moja hiyohiyo inatoa chini ya uniti tatu. Nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja haiwezi kubaki ndani ya uniti 75, kwa hiyo nyote mnalipa bei ya juu hata wewe mwenye balbu mbili na simu. Tafuta nyumba ambayo kila chumba kina mita yake ya TANESCO, au yenye wapangaji wachache, na mkubaliane mwenye friji au pasi achangie zaidi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa pia kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Tunza meseji za tokeni, umwonyeshe, mpunguziane kwenye kodi.

Njia nyingine ninayoiona ikisaidia familia nyingi Ihumwa, Iyumbu na hapa kwetu: watu wenye viwanja wanajenga polepole, na wanahitaji mtu wa kukaa. Unaweza kuishi bure ukilinda, au ukaweka mlango na madirisha kwa gharama yako na mkakata kwenye kodi. Ni nafasi nzuri, ila iandikwe. Andikeni utapewa notisi ya muda gani nyumba ikiisha, na kila risiti ya fundi ipigwe picha.

Hata chumba cha elfu ishirini kiandikiwe mkataba, ukurasa mmoja unatosha, na mwenyekiti wa mtaa aone. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mlichoandikiana kina uzito mkubwa. Weka kiasi, tarehe ya kuanza na kwisha, notisi, nani analipa maji, nani anatengeneza bati likivuja, na sentensi moja kwamba kodi haitapandishwa kabla ya mwaka kuisha. Mkigombana, mwenye nyumba hana haki ya kukutolea vyombo nje au kung'oa mlango kwa mkono wake. Anza kwa mwenyekiti, kisha baraza la kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, mnaandikiwa mwende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkataba wako na stakabadhi za kodi ndivyo watakavyoviomba kwanza, kwa hiyo usiviache kwenye chumba mnachogombania. Nakala moja mpe ndugu.