Muswada Ukirudi

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema riwaya imerudishwa mara ya tatu, faili halijaguswa tangu Mfungo Tatu, na unaniuliza hamu ya kuandika utaipata wapi tena.

Hamu iache kwanza, tafuta kazi ya kesho asubuhi. Riwaya yako ina kurasa 210. Ukijiambia "nahariri riwaya" utachoka kabla hujafungua kompyuta, maana kazi hiyo haina pa kuishia. Kurasa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni wiki 7. Hiyo ina mwisho.

Hariri kwa mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza ni wa hadithi tu. Kila sura iandikie sentensi moja kwenye kadi: nani anataka nini, na mwishoni kimebadilika nini. Sura isiyobadilisha kitu ifute, au iunganishe na jirani yake. Katika mzunguko huu usisahihishe hata herufi moja. Wengi hukwama hapa: wanaing'arisha sura ya kwanza mara ishirini, kisha wanashindwa kuikata hata kama haina kazi, kwa kuwa jasho lao limeshamwagika humo.

Wa pili ni wa sentensi. Chapa kwenye karatasi, usome kwa sauti, maana jicho limeshazoea makosa yako. Umeandika: "Mwajuma alihisi huzuni kubwa sana moyoni mwake alipouona mlango aliyoufungua zamani." Upatanisho kwanza: *alioufungua*. Halafu tazama "huzuni", "kubwa", "sana" na "moyoni" zinavyogombania mzigo mmoja. "Mwajuma aliuona mlango. Mkono ukakataa kugonga." Yatosha. Ukimaliza, tafuta neno "ghafla" kwenye faili zima uhesabu yako mangapi. (Usinitajie idadi.)

Sasa majibu ya wachapishaji. "Haiendani na mpango wetu" halisemi lolote kuhusu uandishi wako. Wachapishaji wengi wa huku kwetu wanaishi kwa vitabu vya kiada. Riwaya huuzika polepole, na mara nyingi aliyekataa ni hesabu, si mhariri. Jibu linalotaja sura au mhusika ni jambo jingine: kuna mtu amesoma. Hilo lihifadhi, lakini usilifanyie kazi siku hiyohiyo, maana ukiwa na hasira utakata hata nyama nzima. Ngoja wiki. Wasomaji wawili wakilalamikia kitu kimoja, rekebisha. Akiwa mmoja tu, pima mwenyewe.

Weka daftari la safu tano: umempelekea nani, tarehe, toleo gani la muswada, jibu, hatua inayofuata. Safu ya toleo ndiyo watu huisahau, halafu wanampelekea mhariri faili la zamani lenye makosa waliyokwisha kuyatoa. Ikipita miezi mitatu kimya, andika barua fupi ya kuulizia, mara moja tu. Anayekudai pesa ili akitoe kitabu chako ni mpiga chapa, hata ajiite nani. Mchapishaji ndiye anayekulipa wewe mrabaha, yaani fungu lako la mauzo ya kitabu.

Ukitaka kujaribu tuzo, kwa mfano Tuzo ya Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, soma masharti ya mwaka huohuo neno kwa neno. Tuzo za miswada kwa kawaida hazipokei kazi iliyokwisha kuchapishwa, kwa hiyo acha kurusha sura zako mtandaoni. Na pale wanapotaka muswada usio na jina, liondoe pia juu ya kurasa na kwenye jina la faili.

Siku utakayotuma, fungua daftari jipya jioni ileile uanze hadithi nyingine, hata aya moja. Anayekaa kungoja jibu bila kazi nyingine mkononi huanza kuisoma barua-pepe kila baada ya dakika kumi.

Jumatatu anza na kadi za sura ya kwanza hadi ya tano. Jumamosi uje nazo, na hiyo sura ya harusi uiandalie kadi mbili, maana naona imebeba hadithi mbili.

Mama yako