Diskasi sita katika tangi la lita 100
Umeuliza iwapo tangi la lita 100 linawatosha samaki sita aina ya diskasi, na kwa nini wawili kati yao wamekuwa weusi na kujibanza pembeni. Kwa maoni yangu halitoshi kabisa: samaki hawa wa bonde la Amazon hufikia sentimita 15 au zaidi na huishi kwa makundi, kwa hiyo tafuta tangi la lita 250 hivi. Weka hita inayodumisha nyuzijoto 28 hadi 30 usiku na mchana, pamoja na kipimajoto cha kujitegemea, maana hita huweza kukwama bila wewe kutambua. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linafaa sana, kwa sababu bakteria wanaovunja amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, hukaa humo. Ndiyo maana sponji huoshwa kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si ya bomba yenye klorini inayowaua bakteria hao. Weusi huo mara nyingi ni dalili ya samaki kusumbuka, hivyo kabla ya kununua dawa yoyote pima amonia na nitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia kuvunjwa), kisha badilisha robo ya maji kwa mengine yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile.