Pesa inayolala hapa

Mwanangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hatujambo, ila goti la babako linamsumbua akikaa sana. Ujumbe wako niliusoma jana mara mbili, na leo baada ya swala ya alfajiri nikausoma tena. Unaniuliza kuhusu nafasi ya karani wa mizigo hapa bandari ya Lamu, mkataba wa miezi sita: je, uache kazi yako ya Mombasa urudi nyumbani Mokowe, au ukae huko huko?

Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, mshahara huo atakayeulipa ni nani? Usiniambie bandari. Nataka jina la atakayetia sahihi kwenye karatasi yako, na mlango wa kubisha siku atakapokuwa hajakulipa.

Najua utasema mama ameanza tena. Sawa, nimeanza. Wewe mwaka ule wa 2017 ulikuwa bweni, kidato cha tatu, ukaona tu kwamba ulirudishwa nyumbani kwa karo, kisha ukapelekwa tena na karo yote mkononi. Yaliyopita katikati hukuyaona.

Gati la kwanza la bandari lilikuwa linajengwa kule Magogoni. Kontrakta mkubwa alikuwa na makontrakta wadogo chini yake, na wale wadogo walikuwa na wengine chini yao. Mmoja wa hao wa chini kabisa alimtuma msimamizi wake hapa nyumbani. Kijana wa heshima, alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Akasema, mama, nina vibarua arubaini, nimesikia mbaazi zako, nataka wale kwako asubuhi na mchana, nitakulipa kila baada ya wiki mbili. Na mwanzo alilipa. Sitamsingizia.

Mwanaisha, laiti ungeuona ua wetu siku zile! Mke wa Shee na dada yake wakikuna nazi. Nazi zenyewe nikizichukua kwa Bi Khadija, samaki kwa babako na wenziwe, maji kwa mwenye punda, kuni kwa yule mzee wa mji jirani wa Hindi. Nikahesabu usiku mmoja nikaona nyumba nane zinakula kwenye sufuria zangu. Jioni mke wa Shee akilipwa, kabla ya isha pesa ile ishafika kwa fundi cherehani, na fundi cherehani kesho anakuja kununua samaki. Ndiyo maana nasema siku zote: pesa ni ile inayolala hapa. Ikipita tu njiani, hata iwe mamilioni, sisi tunaona vumbi lake.

Halafu yule msimamizi akaanza kulipa nusu. Kisha akaanza kulipa maneno. Mimi nikaendelea kukopa unga na sukari dukani, kwa sababu vibarua walikuwa wanakuja wana njaa na sikuwa na moyo wa kuwafukuza. Ikafika mwezi na nusu. Kwenye daftari, lile la jalada la kijani unalolijua, ilikuwa shilingi 118,400, na kila ukurasa una sahihi yake.

Jumatatu moja nikapanda bodaboda alfajiri na ndoo mbili za mahamri, mbaazi nimezifunga kwenye leso zisipoe. Nilipofika kwenye kambi yao, mabati yameng'olewa. Mashimo ya nguzo, majivu ya jiko, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Mlinzi akaniambia, mama, hao wamehama usiku wa Ijumaa, kazi yao imekwisha. Nikakaa juu ya ndoo. Mbaazi zilikuwa bado moto, nililisikia joto lake kwenye mguu.

Nilikwenda ofisini. Wakasema huyo si wetu, kamuulize fulani. Fulani akasema huyo simjui, una mkataba? Nikamwonyesha daftari. Akalifungua, akalifunga, akanirudishia. Mahamri yale niliwapa watoto wa madrasa.

Babako hakuniambia atafanya nini. Baada ya siku tatu nilikuwa naosha vyombo, nikasikia mashine ya boti yetu inapita mbele ya jeti, ile sauti yake ya kukohoa mara mbili kabla ya kushika. Nikatoka nimpungie mkono. Ilikuwa boti ya mtu mwingine. Babako ameiuza mashine yetu, amelipa duka, na kilichobaki kilikuwa karo yako. Karatasi ile ya uhasibu uliyoipachika ukutani huko Mombasa, mimi nikiiona nasikia mashine ile inakohoa.

Sasa nafsi yangu inaniambia, wewe mama Athman, sema haki. Mashine ingebaki ingefanya nini? Baada ya shambulio la mji wa Mpeketoni hapa Lamu mwaka 2014 ilikuja amri ya kutotoka nje usiku, wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, na wavu wa jarife ni kazi ya usiku. Kisha wachimbaji wakaanza kuchimba njia ya meli katika ghuba ya Manda, maji yakawa tope, samaki kama tafi na changu wakahama. Wavuvi walisema, hawakusikizwa, mpaka Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 ilipoamua walipwe shilingi bilioni 1.76, watu zaidi ya 4,000. Babako alisomewa hukumu ile barazani, akasema tu, kumbe tulikuwa tunasema kweli. Kwa hiyo huenda mashine ingeozea chini ya mikoko. Huenda. Lakini boti ikiwa majini ilikuwa na mafungu: fungu la chombo, fungu la wavu, mabaharia kila mtu na lake, na hapo bado fundi wa kukalafati, yaani kuziba nyufa za boti, muuza barafu, na wanawake wa kukaanga. Hakuna baharia aliyewahi kuambiwa haijulikani wewe ni wa nani.

Na haki nyingine niiseme. Barabara ya lami ya kutoka Garsen na Witu mpaka hapa imekuja kwa sababu ya bandari. Umesahau tulivyolala ndani ya basi matopeni, wewe una homa? Amu yako wa Mpeketoni sasa anapakia embe jioni na kesho yake ziko Malindi. Simsim ya Hindi nayo inapata mnunuzi anayefika shambani mwenyewe. Mtoto wa jirani alikwenda kusomeshwa kazi ya winchi, leo anaendesha, na amejenga hapa hapa, matofali amenunua hapa. Mshahara wake unalala hapa. Siwezi kukataa jambo ninaloliona kwa macho.

Halafu kuna hili ambalo sikuwahi kukwambia. Mwaka mmoja baada ya wale kuhama, simu ililia, nikaona nimetumiwa shilingi 600. Akanipigia kijana, akasema yuko kwao bara, alikuwa mmoja wa wale arubaini, na wao pia hawakulipwa mwezi wa mwisho. Akasema, mama, mimi nilikula kwako bure na sikupenda. Nililia, Mwanaisha. Miaka yote nilikuwa nikisema watu wa bara wanachukua pesa wanapeleka kwao. Na yeye kwao ndiko pesa yake inakolala, ana mama kama mimi. Basi neno langu lile la siku zote limekosea? Halijakosea. Ila nalisema kwa sauti ndogo zaidi.

Mwezi wa tatu mwaka 2012 babako alikwenda Magogoni kuwaangalia Rais Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia wakizindua mradi wa bandari. Akarudi na habari ya magati 32. Meli ya kwanza ilipofunga gati, tarehe 20 Mei 2021, alipanda juu ya jeti akasimama mpaka magharibi. Sasa magati ni matatu. Anakaa chini ya mwembe anashona nyavu za watu, na honi ikilia anainua kichwa. Sijui anaangalia nini.

Umetaka neno langu. Nikisema njoo, na mwezi wa nne mshahara usije, utanitazama kama nilivyoitazama ile kandambili. Nikisema kaa, nitakuwa nimekunyima nyumbani kwa sababu ya deni langu mimi, si lako. Wewe unajua kusoma mkataba, mimi nilijua kukanda unga. Nina jibu moyoni na linataka kutoka, lakini nalizuia. Tafuta kwanza jina la anayetia sahihi, na uulize waliomaliza mkataba wa kabla yako kama walilipwa mwezi wa mwisho. Huo wa mwisho, si wa kwanza.

Ukiamua kuja, panda basi la asubuhi, na ukifika Garsen nipigie nianze kukuna nazi. Chumba chako kina magunia ya simsim ya amu yako, nitamwambia Athman ayatoe.

Mamako