Bwana anakataza intaneti, na mi nataka kutumika

Jambo Yaya. Mi niko mama wa batoto wawili, tunaikala Katuba, hapa Lubumbashi. Nilimaliza gradua ya kontabilite pa UNILU (iniversite ya Lubumbashi) lakini toka niolewe sijatumika hata siku moya. Bwana yangu anatumika ku mine upande wa Kolwezi, anarudia paka mwisho wa mwezi. Sasa kuko mama moya wa duka pa soko ya komini ya Kenya hapa muji, aliniomba nimushikie hesabu zake, yeye anitumie mafoto ya kaye (daftari) ya hesabu kwa WhatsApp kila mangaribi na mi nibaki nyumbani na batoto. Bwana anakataa, anasema intaneti inaharibisha babibi ya batu, na anasema tena sheria inaomba ruhusa ya bwana mbele bibi atumike. Simu yangu ni ile ya vibonye, hata line iko kwa jina lake. Ni kweli ile ya sheria? Nifanye je?
Mama wa Katuba

Mudogo wangu, wacha nianze na sheria, juu hii maneno ya ruhusa imefungia banamama wengi nyumbani na wengi wanaiamini bila kuuliza. Zamani ilikuwa kweli. Kode ya Familia ya 1987, artikle 448, ilikuwa inasema mwanamke mwenye kuolewa apate ruhusa ya bwana mbele ya kufunga mapatano ya kisheria yenye kumuomba atumike yeye mwenyewe, kontra ya kazi nayo ilikuwa ndani. Lakini sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliigeuza, na leo artikle ileile inasema bwana na bibi wapatane, inamuhusu hata yeye bwana anapofunga kontra yake. Kupatana na kuomba ruhusa si kitu kimoja. Sikufichi kwamba Kode bado inamwita bwana kichwa cha nyumba, na mapatano yanaomba mazungumzo, ile kazi ya kuongea naye haujaiponyoka.

Sasa hii ya kuharibisha. Kule Marekani mtafiti mmoja, Lisa Dettling, alitoa kazi yake mu 2017 juu ya intaneti ya kasi ndani ya nyumba, akaona nyumba ikiwa nayo, wanawake walioolewa wanaotumika ao wanaotafuta kazi wanaongezeka kwa pointi kama 4 juu ya 100. Kwa wanaume na kwa wanawake wasioolewa hakuona badiliko kama hilo. Na walioongezeka zaidi ni wenye kusoma na wenye watoto, maana yake watu kama wewe kabisa! Walikuwa wanatumikia nyumbani, wanatafuta kazi bila kuzunguka muji, wanamaliza mambo mengine ya nyumba mbio mbio juu ya intaneti na saa zinabaki. Nilisoma hii nikawaza madiploma ya banamama iko ndani ya valizi hapa kwetu, Katuba, Ruashi, Kampemba, nikaumia moyo kabisa.

Lakini tusidanganyane, kule line inalipwa kwa mwezi na inakaa nyumbani kwa wote, huku tunanunua mega za siku, SNEL inakata umeme na simu inazima katikati ya kazi. Na simu yenyewe mara nyingi ni ya bwana. Ripoti ya 2024 ya GSMA, muungano wa makampuni ya simu ya dunia, inaonyesha Afrika kusini ya Sahara wanawake wako nyuma ya wanaume kwa 32% katika kutumia intaneti ya simu. Kwa hiyo mi naona shida yako ya kwanza si WhatsApp, ni ile line ya jina lake. Pesa ya mama wa duka ikiingia M-Pesa ya namba isiyo yako, ile si mshahara wako, ni zawadi utaombaomba kila mara. Enda na kadi yako ya mpiga kura, andikisha line kwa jina lako, PIN uijue wewe peke yako. Hii usiilegezee.

Kazi yenyewe unaiweza na haiombi mega nyingi, foto mbili tatu za kaye kwa siku ni kidogo sana, video ndizo zinakula. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, toka 2012, na duka dogo linaruhusiwa kushika hesabu kwa ule mfumo mwepesi, SMT, uliusoma pa UNILU: pesa iliyoingia, iliyotoka, stoki, madeni. Mwambie mama aandike tarehe juu ya kila ukurasa mbele ya kupiga foto, na wewe uandike tena kwa kaye yako, umeme ukikatika kazi haikatiki. Bei mupatane toka mwanzo, kwa mwezi, si "nitakuonea kitu".

Kwa bwana, ngoja arudie, apumzike, ale. Kisha umuulize anaogopa nini hasa, ni wanaume watakuandikia ao ni watu watasema nini? Kama anaweza, mukutane na mama wa duka, amuone kwa macho. Akitaka kuona meseji za kazi, aone. Na umuonyeshe kwa karatasi hiyo pesa italipa nini, masomo ya batoto ama bunga, juu mutu wa mine anajua vizuri kontra yake inaweza kuisha kesho.

Yaya, kuko mutu kwa Facebook anasema kuko kazi ya kusezi maandiko (kuyaandika kwa kompyuta) nyumbani, malipo kwa dola, lakini kwanza nitume dola 20 za kujiandikisha. Nitume?
Musichana wa Ruashi

Usitume. Mwenye kukupa kazi ndiye anakulipa wewe, huyo anataka kukuibia. Kama ulishatuma kitu, usiongeze ya pili hata akikwambia ile ya kwanza itapotea, piga foto za mazungumzo yenu na namba ya pesa, upeleke polisi, na uambie marafiki zako leo leo juu hao wanatafuta wasichana wengi kwa mara moja.