Kwa nini masikio ya baba na mwana hayapatani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini baba yako aliyekulia muziki wa dansi huiita Bongo Fleva kelele, ilhali wewe uliyeitetea huwezi kuvumilia singeli, muziki wa kasi sana wanaoupenda wanao. Naamini sababu kubwa ni umri tulioupendea muziki, kwa kuwa nyimbo za ujana hufungamana na marafiki, mapenzi na uhuru wa kwanza, na watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba miaka hiyo ndiyo tunayoikumbuka zaidi tukizeeka. Kwetu Tanzania kuna jambo jingine linalosahaulika: kabla ya redio binafsi kuanza miaka ya 1990, nyumba nzima ilisikiliza Radio Tanzania, hivyo baba na mwana walizijua nyimbo zilezile za mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe hata baada ya kifo chake mwaka 1979. Leo kila mmoja ana simu yake. Bongo Fleva nayo ilipoanza iliitwa muziki wa wahuni, lawama ileile inayoiangukia singeli sasa. Usiihukumu singeli ukiisikia kutoka chumba cha pili. Nenda ukaione ikichezwa, kwani kasi yake imetengenezwa kwa ajili ya miguu ya wachezaji.