Mustang farasi 412, pikapu farasi 360: injini si ile ile?

Maswali mengi ya safari hii yanazunguka jambo moja: kiwanda kinachukua injini moja, kinaifunga kwenye pikapu na kwenye gari la mbio, halafu namba hazilingani. Nimechagua matano.

Fundi, habari za kazi. Pikapu ya Ford F-150 ya 2011 yenye V8 (silinda nane) ya lita 5.0 imeandikwa farasi 360. Mustang GT ya mwaka huohuo, lita 5.0 vilevile, farasi 412. Wametubania wenye pikapu? (Msomaji, Arusha)

Njema, ndugu yangu. Hawajabana, wamehamisha. Angalia kwanza nguvu ya kuvuta, ile inayopimwa kwa Nm. Mustang inatoa 529, pikapu 515, na zote zinafika kileleni kwenye mizunguko 4,250 kwa dakika. Farasi hupatikana ukizidisha nguvu hiyo kwa mizunguko, kisha ukigawa kwa 7,121, kwa hiyo piga hesabu: pale kwenye 4,250 Mustang ina farasi kama 315, pikapu 307. Tofauti ni nane tu! Zilizobaki ziko juu zaidi, kwa sababu pikapu inamalizia farasi zake kwenye 5,500 na Mustang inaendelea kupanda hadi 6,500. Sasa niambie, ni lini umeendesha pikapu yenye mzigo kwenye 6,500?

Kilichobadilishwa hasa ni kemshafti (mihimili inayofungua na kufunga valvu) za upande wa kuingiza hewa. Za pikapu zinaacha valvu wazi kwa muda mfupi zaidi. Injini ikizunguka polepole na valvu ikachelewa kufunga, pistoni inayopanda inairudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia. Funga mapema, hewa inabaki ndani na gari linaondoka na mzigo bila kulalamika. Kwenye mzunguko mkubwa mambo yanageuka: hewa inakuja kwa kasi na inaendelea kujipenyeza hata pistoni ikiwa imeanza kupanda, na aliyefunga mapema anajinyima mwenyewe.

Kompresheni nayo, yaani kiasi cha kubana hewa ndani ya silinda, imeshushwa kutoka 11.0 hadi 10.5, ili injini isigonge (mafuta kujiwasha vibaya ndani ya silinda) inapokamuliwa na mzigo kwenye jua kali. Mustang inatolea moshi kwenye mabomba mepesi; pikapu imepewa manifoldi (kikusanya moshi kutoka kwenye silinda) nzito ya chuma cha kumimina, inayovumilia kupata moto na kupoa maelfu ya mara. Halafu oili ya pikapu ina kipoza chake. Binafsi, kipoza hicho nakithamini kuliko zile farasi 52 zote.

Basi nikiitoa injini ya F-150 yangu nikafunga ya Mustang, si nitafaidi? (Msomaji, Dubai)

Utafaidi ukiwa huna mzigo kwenye barabara kuu. Ukifunga trela, hapana.

Tazama Ford wenyewe walivyofanya kwenye F-150 Raptor R ya 2023. Walichukua V8 ya lita 5.2 yenye supachaja (pampu inayosukumia hewa ndani ya injini) kutoka Mustang Shelby GT500, ile ya farasi 760. Haikuingia kama ilivyo. Puli ya supachaja ilibadilishwa, kompyuta ikapangwa upya, na ikawekewa manifoldi nyingine za moshi, kipoza oili kingine na sampu (beseni la oili chini ya injini) yenye kina zaidi ili oili isiikimbie pampu gari linapopanda miinuko mikali. Farasi zikashuka hadi 700, lakini nguvu ya kuvuta ikapanda kutoka Nm 847 hadi 868. Nawe uko Dubai, mchanga unaujua.

Shikamoo mzee. Nina Land Cruiser 100, VX V8 ya petroli, naipandisha mlima Kitonga imejaa watu na mizigo wala haitetereki. Rafiki yangu ana Toyota Soarer ya lita 4.0, anadai injini zetu ni moja. Kweli? (Msomaji, Iringa)

Marahaba. Ni ndugu wa ukoo mmoja, si pacha. Ya rafiki yako ni 1UZ-FE, iliyoanza na Lexus LS400 mwaka 1989: lita 4.0, bloku (mwili wa injini) ya aluminiamu. Yako ni 2UZ-FE: lita 4.7, pistoni pana zaidi, na bloku ya chuma. Toyota walikuwa na bloku ya aluminiamu tayari mkononi, wakaamua kumimina ya chuma kwa ajili ya magari ya kazi. Ni nzito, lakini inavumilia kazi ngumu ya miaka.

Matoleo ya awali yaliyouzwa Marekani yalikuwa hivi: 1UZ farasi 250 na Nm 353 kwenye mizunguko 4,400, 2UZ farasi 230 na Nm 434 kwenye 3,400. Kwenye karatasi Soarer imekushinda kwa farasi 20. Kitonga huipandi kwa karatasi. Unapanda na gia ndogo, mshale uko karibu na 3,000, na hapo injini yako inakaribia ubora wake wakati ya mwenzako bado inautafuta. Akitaka kuichukua 2UZ aifunge kwenye Soarer, mwambie pua ya gari itakuwa nzito na kwenye kona atajuta.

Mbona Wamarekani wanatoa injini kwenye Chevrolet Silverado zilizochakaa wanafunga kwenye magari ya mbio? (Msomaji, Nairobi)

Bei. Pikapu hizo zilitengenezwa kwa wingi mno, na injini zake kwa ndani ziko karibu sana na za Corvette, gari la kasi la Chevrolet haohao. LQ9 ya pikapu na LS2 ya Corvette zote ni lita 6.0, upana wa silinda milimita 101.6, mwendo wa pistoni milimita 92. LQ9 ina farasi 345 na bloku ya chuma, LS2 farasi 400 na bloku ya aluminiamu. Mtu anabadilisha kemshafti, sampu, na manifoldi ya hewa ambayo ya pikapu ni ndefu kwenda juu kiasi cha kuzuia boneti kufunga. Anayetaka kuongeza turbo anaipenda hiyo ya chuma.

Ni kweli Dodge Viper ilikuwa na injini ya lori? (Msomaji, Mombasa)

Nusu kweli. V10 yake ya lita 8.0 ilitokana na V10 ya chuma iliyokuwa ikiandaliwa kwa pikapu za Dodge. Lamborghini, wakati huo mali ya Chrysler, wakasaidia kuigeuza iwe ya aluminiamu. Viper ya 1992 ikatoka na farasi 400. Pikapu ya Dodge Ram ya 1994, yenye V10 ya chuma ya ukubwa huohuo, ilikuwa na 300.

Mwaka 2004 Dodge wakafanya kinyume: V10 ya Viper ya lita 8.3, farasi 500, ikafungwa kwenye Ram SRT-10 pamoja na gia ya mkono. Ni pikapu ya kukimbia. Kama una boti ya kuvuta, tafuta Ram ya miaka hiyo yenye dizeli ya Cummins.