Jibu: Huku kuna baridi, joto kali linatuhusu nini?

Mkuu, umeuliza kwa nini mamlaka za maji za Mbeya na Iringa zijiandae kwa joto wakati Juni tunavaa makoti. Juni siyo tatizo. Tatizo ni Oktoba na Novemba: jua kali, mvua bado, vijito vimekonda, na kila nyumba inataka maji zaidi. Tena mkoa wa Mbeya siyo Uyole yenye baridi tu, shuka bonde la Usangu uone joto.

Nimeshinda kwenye pampu miaka kadhaa, kwa hiyo naanza na klorini, dawa ya kuua vijidudu majini. Joto huifanya iishe haraka ndani ya maji, na ile ya unga hupoteza nguvu ikikaa kwenye stoo ya bati. Itunzwe penye kivuli na hewa, kisha mabaki yake majini yapimwe kwenye bomba la mwisho kabisa mtaani, siyo tankini pekee. Yasishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita.

Halafu mabomba ya plastiki yaliyoachwa juu ya ardhi. Presha yanayoweza kubeba hupangwa kwa nyuzi joto 20 (Selsiasi). Yakifika nyuzi 40 uwezo hupungua kwa takribani robo. Nimeona kiungio kikiachia saa nane mchana, bomba la moto hulishiki, maji yanamwagika barabarani na akina mama wamesimama na ndoo tupu. Yafukiwe, jamani!

Mota zipate upepo, usukumaji mkubwa ufanyike usiku. Uvujaji uzibwe Agosti. Na mafundi wachimbe mitaro asubuhi, wakiwa na maji yao ya kunywa.